Laini au Ngumu? Mzozo wa Plumbi katika Risasi za Bunduki za Kale

Anayenunua leo bunduki ya mtindo wa kale, iwe Sharps iliyotengenezwa upya, Martini-Henry ya urithi au gobori lenye mifereji la mfano wa Enfield, huingia kwenye mabishano kabla hajalenga shabaha yake ya kwanza. Muuzaji wa risasi zilizokwisha kusubiwa humshauri achukue ngumu, kwa kuwa laini itapaka mtutu. Mkongwe wa klabu humwambia kinyume chake: risasi ngumu ndiyo inayopaka mtutu, kwa hiyo atafute metali inayokwaruzika kwa ukucha. Kitabu cha vipimo nacho humpa fomula na namba ya Brinell, kana kwamba hesabu moja ingetosha kumaliza ugomvi.

Mchezo huu wa kupiga bunduki za kale una wafuasi wengi, hasa Marekani na Ulaya, na tangu 1971 wapigaji wa magobori wana jumuiya yao ya kimataifa, MLAIC, inayoandaa mashindano ya dunia. Kwa hiyo hii ni sanaa hai, yenye mafundi, wauzaji na waandishi, na bado haijakubaliana juu ya jambo lake la msingi. Sababu si uhaba wa ushahidi. Mitutu iliyopakwa plumbi na risasi laini ipo, na iliyopakwa na risasi ngumu ipo pia. Watu wanalumbana kwa sababu swali moja limebebeshwa kazi ya maswali matatu: risasi itazibaje mtutu, itastahimilije msukumo wa baruti, na itafanya nini ikifika. Ulaini husaidia katika la kwanza, hudhuru katika la pili, na katika la tatu inategemea unapiga nini.

Katika makala haya plumbi ni metali yenyewe, na risasi ni kile kinachorushwa na bunduki.

Kinachoongeza ugumu

Plumbi tupu ni nzito na tepetevu. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na kwa kipimo cha Brinell ugumu wake ni takriban 5. Kipimo hicho, alichokitambulisha mhandisi wa Sweden Johan August Brinell mwaka 1900, hufanyika kwa kugandamiza gololi juu ya metali kwa uzito unaojulikana na kupima shimo linalobaki. Shimo likiwa dogo, namba huwa kubwa.

Ukitia sehemu 1 ya bati katika sehemu 40 za plumbi, ugumu hupanda hadi karibu 8. Sehemu 1 kwa 20 hutoa karibu 10, na 1 kwa 16 karibu 11. Baada ya hapo ongezeko hufifia: mchanganyiko wa 1 kwa 10 hula bati karibu mara mbili ya ule wa 1 kwa 20, lakini huongeza pointi moja na nusu tu. Kwa kuwa bati ni ghali mara nyingi kuliko plumbi, anayeendelea kuliongeza kwa nia ya kupata ugumu anatupa fedha. Thamani kubwa ya bati iko kwenye kalibu. Hupunguza mvutano wa uso wa metali iliyoyeyuka, ikajaza kila pembe, na risasi ikatoka na kingo kali na kitako bapa. Kwa kazi hiyo asilimia 2 hutosha.

Antimoni ni habari nyingine. Aloi ya linotype, iliyotumika kwenye mitambo ya kupanga herufi za magazeti, ina takriban asilimia 84 ya plumbi, 12 ya antimoni na 4 ya bati, na ugumu wake hufika 22. Aloi mashuhuri ya wasubu wa Marekani, Lyman namba 2, yenye asilimia 90 ya plumbi, 5 ya bati na 5 ya antimoni, hufika karibu 15. Antimoni hufanya kazi kwa kuunda fuwele ndogo ngumu ndani ya plumbi laini, na fuwele hizo hizo huifanya metali iwe rahisi kukatika. Plumbi yenye bati hupinda na kutanuka, ilhali yenye antimoni nyingi hupasuka. Hivyo risasi mbili zinaweza kuwa na namba moja ya Brinell na zikatenda tofauti kabisa zikigonga mfupa.

Namba yenyewe pia haitulii. Aloi ya antimoni yenye chembe za arseniki, ikidondoshwa majini ingali moto kutoka kwenye kalibu, huendelea kuwa ngumu kwa siku kadhaa na hata wiki. Mchanganyiko wa plumbi na bati pekee hauna tabia hiyo. Mtu akipima aloi yake ya antimoni jioni ile ile aliyoisubu, kisha akapiga risasi hizo mwezi unaofuata, anatumia metali ambayo hakuipima. Tena aloi zenye antimoni husinyaa kwa kiasi kidogo kuliko plumbi tupu zinapopoa, kwa hiyo kalibu moja hutoa risasi nene kwa aloi moja na nyembamba kwa nyingine. Hili la unene nitalirudia, kwa sababu ndipo hukumu nyingi juu ya ugumu zinapopotoka. Anayebadilisha aloi hubadilisha kipenyo bila kujua, kisha husifu au hulaumu ugumu.

Walivyoamua wahandisi wa karne ya 19

Bunduki ya kushindilia mdomoni yenye mifereji ilikuwa na fumbo lake. Risasi lazima iwe nyembamba kuliko mtutu ili iteremke kwa mdeki, tena lazima iwe nene kuliko mtutu ili ishike mifereji inapotoka. Mwaka 1849 Claude-Étienne Minié wa Ufaransa alitoa risasi yenye uvungu kitakoni na kikombe cha chuma ndani yake. Baruti ilipowaka, kikombe kilisukumwa mbele na kuzitanua kuta za risasi. James Burton, katika karakana ya serikali ya Marekani huko Harpers Ferry, alionyesha kwamba kikombe hakihitajiki. Gesi yenyewe ingetanua kuta, ilimradi ziwe nyembamba na plumbi iwe safi.

Enfield ya 1853 ya Uingereza ilitegemea mantiki hiyo hiyo. Mtutu wake ulikuwa wa milimita 14.7 hivi, na risasi ya mwanzo ilikuwa ya milimita 14.4. Wakati wa vita vya India vya 1857 askari walipata taabu kuishindilia katika mitutu iliyojaa masizi, na baadaye risasi ikapunguzwa hadi milimita 14.0, na uvunguni ikatiwa kizibo cha mti au udongo. Risasi hiyo ililazimika kuziba pengo la milimita 0.7 kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Hakuna aloi yenye antimoni ambayo ingeliweza hilo. Hata shahamu iliyopakwa kwenye fungu la risasi, ile iliyozua uvumi wa mafuta ya ng'ombe na nguruwe na kuwasha hasira za askari wa India, ilikuwa sehemu ya mfumo huo: kulainisha njia na kuyafanya masizi yasiwe magumu.

Wakati huo huo kulikuwa na waliokwenda njia nyingine. Joseph Whitworth alichonga mtutu wa pembe sita, na risasi yake ikasubiwa kwa umbo hilo hilo, hivyo haikuhitaji kutanuka ili kushika na ingeweza kuwa ngumu. Katika majaribio ya 1857 bunduki yake iliishinda Enfield kwa mbali katika masafa marefu. Lakini mtutu wake pia ulirusha vizuri risasi ya umbo la silinda ya plumbi laini, ambayo ilitanuka yenyewe na kuchukua umbo la pembe sita. William Metford, katika miaka ya 1860, alitumia mifereji yenye kina kidogo sana na risasi iliyokazwa na kuviringishiwa karatasi. Mfereji usio na kina haudai risasi ijikunje sana, na kwa hiyo huvumilia metali ngumu zaidi. Mafundi hawa wawili walionyesha mapema jambo ambalo wabishi wa leo husahau: ugumu unaofaa huamuliwa na mtutu.

Zilipokuja bunduki za kupakia nyuma, kikwazo cha mdeki kiliondoka, kwani risasi ingeweza kuwa na unene kamili tangu mwanzo. Ungedhani hapo wote wangehamia kwenye ugumu. Haikuwa hivyo. Snider, iliyopokelewa 1866, iliendelea na plumbi laini yenye uvungu. Martini-Henry ya Waingereza ya 1871 ilibeba risasi ya gramu 31 ya sehemu 12 za plumbi kwa 1 ya bati, ikisukumwa na gramu 5.5 za baruti nyeusi. Jeshi la Marekani, kwa risasi yake nzito ya gramu 32.4, lilitumia sehemu 16 kwa 1. Mauser ya Ujerumani ya 1871 ilirusha risasi ya gramu 25 iliyoviringishwa karatasi, na nyuma yake tabaka la nta. Hiyo Mauser inajulikana huku kwetu, maana askari wengi wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki walikuwa bado wanaitumia vita vilipofika Tanga Novemba 1914, na moshi wake mweupe uliwafichua kila walipofyatua.

Ukizipanga bunduki hizi kwa mfuatano, utaona bati likiongezeka kadiri risasi zinavyokuwa nyembamba na ndefu. Chanzo hakikuwa hofu ya kuchafua mtutu. Risasi ndefu yenye plumbi tupu ilikuwa inaanguka chini ya uzito wake yenyewe ikisukumwa, na bati lilitiwa kwa kiasi cha kuzuia hilo, si zaidi.

Kisha Paul Vieille wa Ufaransa alivumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na bunduki ya Lebel ya 1886 ikarusha risasi ya milimita 8 kwa kasi ya zaidi ya mita 600 kwa sekunde, kasi ambayo plumbi isiyovishwa haiwezi kuihimili kwenye mifereji. Majeshi yakavisha risasi zao koti la metali ngumu na kuachana na swali letu. Likabaki mikononi mwa wawindaji, walenga shabaha na wasubu wa nyumbani.

Hoja ya ulaini

Watetezi wa ulaini huanza na gesi. Wanasema kinachopaka mtutu plumbi mara nyingi si mikwaruzo. Ni gesi ya moto inayopenya pembeni mwa risasi isiyoziba vizuri, ikaukata ubavu wake na kuyapaka makombo kwenye chuma. Risasi laini hupigwa kitakoni na mlipuko, ikafupika kidogo, ikanenepa na kuziba. Risasi ngumu hukataa kunenepa, na ikiwa ni nyembamba kuliko mtutu hata kwa sehemu ndogo ya milimita, gesi hupata njia. Kwa mantiki hiyo, anayeongeza ugumu ili kuponya mtutu uliopakwa huzidisha ugonjwa.

Hoja hii ina nguvu hasa kwa bunduki za kale, kwa sababu mitutu yake haina vipimo vinavyolingana. Martini-Henry mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana, na miaka mia na ushee ya kutu na kusuguliwa huongeza tofauti hiyo. Risasi inayojirekebisha yenyewe ni faraja kubwa kwa mtu mwenye mtutu uliochakaa. Baruti nyeusi nayo huipendelea, kwani huwaka ghafla na kukipiga kitako cha risasi kwa mkupuo mapema, ingali karibu na chemba. Kwa wapigaji wa risasi ya kuviringishia karatasi, ulaini ni sharti kabisa: risasi yao ni nyembamba kuliko mifereji kwa makusudi, na isiponenepa haitashika.

Wawindaji wana sababu yao. Kasi ya bunduki hizi ni ndogo, takriban mita 410 kwa sekunde kwa Martini-Henry na kwa bunduki ya jeshi la Marekani ya 1873. Kwa kasi hiyo risasi yenye ugumu wa 20 hupita kwenye swala kama ilivyoingia, ilhali ya 1 kwa 20 hupanuka na kuua upesi.

Udhaifu wa kambi hii ni kuufanya ulaini kuwa dawa ya kila kitu. Plumbi tupu ni vigumu kuisubu vizuri, kingo zake hutoka butu, na risasi ndefu ya plumbi tupu haifai kwa masafa. Pia husahau kwamba mtutu wenye mabaka ya kutu hukwangua risasi laini hata ikiziba kikamilifu.

Hoja ya ugumu

Upande wa pili una hesabu nzuri, na inafaa kuitazama kwa makini. Chukua risasi ya gramu 32.4 katika mtutu wa milimita 11.4, na shinikizo la kilele la pauni 20,000 kwa inchi ya mraba, sawa na megapaskali 138, kiwango cha kawaida kwa baruti nyeusi katika bunduki ya namna hiyo. Kitako chake kinasukumwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 14,000. Mchapuko wake ni karibu mara 44,000 ya graviti. Kila sehemu ya risasi lazima ibebe sehemu iliyo mbele yake chini ya mchapuko huo. Ikiwa theluthi ya uzito imo kwenye pua isiyoguswa na kuta za mtutu, shingo ya pua hiyo hubeba mkazo wa megapaskali 46 hivi.

Sasa, metali huanza kulegea na kubadilika umbo kwenye mkazo ulio karibu theluthi ya ugumu wake. Kwa plumbi tupu ni megapaskali 16. Kwa 1 kwa 16 ni kama 36. Kwa Lyman namba 2 ni kama 49. Pua ya plumbi tupu, basi, inaporomoka. Na haiporomoki kwa unyoofu: huinama kidogo upande mmoja, kila risasi kwa namna yake, na kwenye yadi 800 au 1,000 tofauti hiyo hufunguka kuwa nusu ya ubao wa shabaha. Walenga shabaha wa masafa waliojitokeza kwa wingi baada ya mashindano ya Creedmoor ya 1874 kati ya Wamarekani na Waairishi walilijua hili kwa macho kabla ya kulijua kwa hesabu, kwa kuokota risasi zao na kuona pua zilizopinda.

Hoja nyingine ya ugumu ni kushika mifereji. Risasi laini ikisukumwa kwa kasi kubwa huteleza juu ya matuta ya mtutu badala ya kuyafuata, ikachunwa na kuacha plumbi kingoni mwa mifereji. Hilo ni kweli kwa baruti isiyo na moshi yenye nguvu, na ndilo linaloeleza kwa nini mtu aliyejifunza kusubu kwa ajili ya bastola au bunduki za karne ya 20 huja na imani ya ugumu. Alichojifunza kilikuwa sahihi kwa bunduki aliyojifunzia.

Na kuna wawindaji wa wanyama wakubwa. Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa miongoni mwa walioikaza plumbi yao kwa zebaki ili ipenye kichwa cha tembo bila kupondeka. Mbinu hiyo isirudiwe na yeyote: mvuke wa zebaki kwenye chungu cha moto huua. Lakini haja iliyomsukuma ilikuwa ya kweli. Tembo na nyati wanataka upenyo, na risasi inayopanuka kwenye ngozi haifiki.

Walakini kambi hii nayo ina doa. Sehemu ya sifa za ugumu zimetoka kwenye biashara zaidi kuliko kwenye mtutu. Aloi yenye antimoni hutiririka vizuri kwenye mashine za kusubu, risasi zake hazibonyei zikisafirishwa kwa maboksi, na namba kubwa kwenye lebo huonekana kuwa ubora. Kiwanda hakijui mtutu wa mnunuzi, hivyo hutengeneza kipenyo kimoja kwa wote. Mwenye mtutu mpana akiipiga risasi hiyo, gesi hupita pembeni, mtutu hupakwa, naye huambiwa anunue ngumu zaidi. Hasara hii humpata mtu asiye na kosa lolote, na ndiyo inayonifanya niwe mkali kwa ushauri huo.

Fomula na mpaka wake

Kati ya kambi hizi imesimama fomula inayonukuliwa kila mahali: zidisha namba ya Brinell kwa 1,422, upate shinikizo, kwa pauni kwa inchi ya mraba, ambalo risasi hiyo inahitaji ili itanuke na kuzibia gesi. Ugumu wa 5 unadai 7,100. Wa 11 unadai 15,600. Wa 22 unadai 31,300. Kwa bunduki ya shinikizo la 20,000, linotype inaonekana haifai na 1 kwa 16 inafaa. Jibu linapatana na uzoefu, ndiyo maana fomula imependwa.

Lakini 1,422 si siri ya balistiki. Ni kizidisho cha kubadilisha kilogramu kwa milimita ya mraba kuwa pauni kwa inchi ya mraba, basi. Hakuna ndani yake umbo la risasi, kina cha mifereji, wala kasi ya baruti kuwaka. Tena tumeona kwamba metali isiyozuiliwa pembeni hulegea kwenye theluthi ya ugumu wake, wala haingoji ugumu wote, wakati ile iliyobanwa na kuta za mtutu haina pa kwenda na hustahimili zaidi. Risasi iko katika hali zote mbili ndani ya sehemu ya elfu ya sekunde. Plumbi pia hukaza kadiri inavyolazimishwa upesi. Fomula, kwa hiyo, inaonyesha mwelekeo: shinikizo dogo linataka metali laini. Anayeitumia kuchagua kati ya 10 na 12 anaidai isichonacho.

Chuma chakavu na mapafu

Wasubu wengi hawanunui aloi iliyopimwa; huyeyusha chakavu. Vizani vya magurudumu vilikuwa chanzo kizuri, vikiwa na antimoni kidogo, chembe za arseniki na ugumu wa 9 hadi 12. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, hasa baada ya Ulaya kuvipiga marufuku vya plumbi kwa magari madogo mwaka 2005. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na kidogo tu ikiingia chunguni metali huwa kama uji na kukataa kujaza kalibu. Kuweka moto chini ya kiwango hicho na kuviopoa vinavyoelea ni kinga.

Betri za magari ziachwe kabisa. Mabamba yake yana kalisi, antimoni na arseniki, na mabaki yakikutana na unyevu hutoa gesi za arsini na stibini, zote mbili sumu kali. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuhadithiwa madhara ya plumbi ya betri: katika mtaa wa Owino Uhuru wakazi, watoto wakiwemo, walipata sumu kutokana na uyeyushaji wa betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plumbi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Anayesubu hufanya hivyo penye hewa, mbali na jiko na watoto, na hunawa kabla ya kula. Na nchini Kenya na Tanzania, silaha na risasi zina sheria na leseni zake. Kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni kosa.

Kupima mizani

Nikiziweka hoja zote pamoja, naona ugumu uje wa tatu katika mfuatano wa maamuzi. Kwanza kipenyo: risasi ya kupakia nyuma isiyoviringishiwa karatasi isubiwe iwe nene kuliko kipenyo cha mtutu kinachopimwa kwenye kina cha mifereji kwa milimita 0.025 hadi 0.05, baada ya kupima mtutu wenyewe kwa kusukuma kipande cha plumbi laini ndani yake. Pili mafuta: baruti nyeusi huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama mabaki yasiyo gesi, na mchanganyiko wa nta ya nyuki na shahamu ndio unaoyaweka yawe laini. Risasi yenye kipenyo sahihi na mafuta ya kutosha husamehe makosa mengi ya ugumu. Isiyo na hayo haiokolewi na aloi yoyote.

Hapo ndipo aloi huchaguliwa, na kanuni ninayoiona ikisimama ni kuchukua metali laini kabisa ambayo umbo la risasi linairuhusu. Kwa gobori la risasi ya duara na kitambaa, na kwa risasi ya Minié, ni plumbi tupu. Kwa Minié hakuna mjadala. Ugumu hapo ni kosa. Kwa Snider ni plumbi tupu au bati kidogo sana, 1 kwa 40. Kwa Martini-Henry, Sharps, Mauser ya 1871 na wenzao, wigo ni 1 kwa 20 hadi 1 kwa 16, na kwa masafa marefu na pua ndefu hata 1 kwa 12 kama Waingereza walivyofanya.

Lakini kabla ya kuongeza bati, ni busara kutazama umbo. Katika hesabu yetu, pua yenye theluthi ya uzito ilibeba megapaskali 46, zaidi ya uwezo wa 1 kwa 16. Risasi yenye pua fupi, ambayo moja ya tano tu ya uzito wake haijashikwa na mtutu, hubeba megapaskali 28, na aloi ile ile humudu. Kalibu mpya ya namna hiyo hulipa zaidi ya kilo kadhaa za bati, na kitako kinabaki laini vya kutosha kuziba.

Antimoni ninaiona ina nafasi mbili tu kwenye bunduki hizi: kwa mwenye mtutu imara anayetumia baruti isiyo na moshi katika kiwango kilichochapishwa kwa ajili ya bunduki yake, na kwa anayewinda wanyama wakubwa kihalali. Hata hapo isizidi kiwango cha Lyman namba 2. Linotype tupu hupasuka kwenye mfupa mzito, na kupasuka kunaua upenyo ambao mwindaji aliutafuta.

Mtutu ukipakwa licha ya yote haya, mahali plumbi ilipoganda hutoa maelezo mazuri kuliko mshauri yeyote. Ikiwa karibu na chemba, gesi inapita: risasi ni nyembamba, au ni ngumu mno kwa shinikizo lake, na dawa ni kuongeza kipenyo au kupunguza bati. Ikiwa kingoni mwa mifereji kwa urefu wote, risasi inachunwa, na hapo ndipo ugumu zaidi au baruti pungufu husaidia. Ikiwa karibu na mdomo wa mtutu peke yake, mafuta yameisha kabla ya safari, na hakuna haja ya kugusa aloi hata kidogo.